Hawakubadili jinsia, walizaliwa hivyo

Mhariri,

Kwa majuma matatu sasa wasomaji wako wanajibizana kuhusu wanariadha waliobadili jinsia, na mimi nimekuwa nikisoma na kunyamaza. Barua ya Jumanne iliyopita imenishinda kuvumilia. Mwandishi wake alimtaja mkimbiaji Caster Semenya wa Afrika Kusini, akamtaja na Margaret Wambui wetu wa Kenya, kisha akasema hao ni wanaume waliojigeuza wanawake ili wajivunie medali za bure. Nilifundisha michezo katika shule za upili kwa miaka 31, na naomba nafasi nimsahihishe. Neno kama hilo likichapishwa lisipingwe, huteremka hadi uwanja wa shule, na huko humkuta mtoto.

Semenya hakubadili jinsia. Wambui hakubadili jinsia. Walizaliwa, wakatazamwa, ikasemwa ni wasichana, wakalelewa hivyo na kukimbia na wasichana wenzao. Kiswahili kina neno la zamani, huntha, kwa mtu ambaye maumbile yake ya kijinsia hayakukaa upande mmoja waziwazi, na wanazuoni wa Kiislamu walilijadili katika mirathi tangu enzi na enzi. Si jambo lililoletwa na ndege juzi. Serikali yetu yenyewe iliwahesabu katika sensa ya 2019, ikapata watu 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamtambua mtoto wa namna hiyo. Wapo pia wanawake ambao kwa nje huwezi kuona tofauti yoyote, wala wao wenyewe hawaijui hadi damu ipimwe. Aliyebadili jinsia ni mtu mwingine kabisa: alibaleghe mwili wa kiume, kisha akaamua kuishi kama mwanamke. Ukiwachanganya hawa wawili umeharibu mjadala kabla haujaanza.

Kuhusu huyo aliyebaleghe kiume, sitazunguka mbuyu. Naamini kitengo cha wanawake kinastahili kulindwa. Juni 2025 Faith Kipyegon alikwenda Paris kujaribu kukimbia maili moja chini ya dakika nne. Alitengenezewa viatu na nguo za kukata upepo, akapangiwa waongoza kasi waliomkinga mbele na nyuma, akamaliza kwa 4:06.42. Huyo ndiye mwanamke bora kuliko wote katika masafa hayo. Roger Bannister wa Uingereza alishuka chini ya dakika nne mwaka 1954, akiwa mwanafunzi wa udaktari. Mwaka 1964 Jim Ryun wa Marekani naye alishuka, na alikuwa bado mvulana wa shule ya upili. Pengo hilo halitokani na bidii, maana simjui mwenye bidii kumshinda Faith. Linaletwa na balehe: moyo mkubwa, mifupa mirefu, misuli mingi, damu inayobeba hewa nyingi zaidi. Ukishusha homoni baadaye, mifupa haifupiki. Tukiondoa ukuta huo, binti zetu watarudi kukaa jukwaani kuwashangilia kaka zao.

Kwa hiyo Machi 2023, Shirikisho la Riadha Duniani lilipowazuia waliobaleghe kiume kushindana na wanawake, sikuona ubaya. Wala siwachukii. Nao wana wazazi, na matusi wanayomiminiwa hayajamsaidia msichana hata mmoja kukimbia. Lakini sikilizeni alichokieleza rais wa shirikisho, Sebastian Coe, siku ileile: kwamba hakukuwa na mwanariadha hata mmoja aliyebadili jinsia akishindana kimataifa katika riadha wakati huo. Kelele zilitoka kwenye michezo mingine na nchi nyingine. Zilitoka kwa muogeleaji Lia Thomas, aliyeshinda ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 2022, na kwa Laurel Hubbard wa New Zealand, mnyanyua uzani aliyekwenda Olimpiki ya Tokyo akashindwa majaribio yake yote matatu.

Katika kikao hichohicho, bila kelele, kanuni ya wanawake waliozaliwa na maumbile tofauti iliongezwa makali. Tangu 2019 ilikuwa inawabana kuanzia mita 400 hadi maili moja. Sasa ikapanuliwa hadi kila mbio na kila mchezo wa uwanjani, na kiwango cha testosteroni, ile homoni ya kiume, kikashushwa hadi nanomoli 2.5 kwa lita ya damu, ambacho ilikuwa lazima kidumishwe miezi 24. Maana yake ilikuwa dawa au upasuaji kwa mtu asiyeumwa. Wakati Ulaya na Marekani wakigombania waliobadili jinsia, ambao uwanjani hawakuwepo, deni lililipwa na wasichana wa kwetu.

Kumbukeni fainali ya mita 800 ya Rio 2016. Semenya dhahabu, Francine Niyonsaba wa Burundi fedha, Wambui shaba. Medali zote tatu zilikuja Afrika, na nililia mbele ya televisheni. Olimpiki iliyofuata hakuna hata mmoja wao aliyekimbia mita 800. Niyonsaba alihamia masafa marefu, akaanza upya kama mtoto anayejifunza kutembea, na Septemba 2021 huko Zagreb akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa 5:21.56. Miezi 18 baadaye mlango huo nao ukafungwa. Wambui alikataa dawa. Aliwahi kupendekeza kianzishwe kitengo cha tatu kwa wanawake kama yeye, ili nao wawe na mahali pa kukimbia, na nijuavyo mimi hakuna aliyelichukua wazo hilo kwa uzito. Mkimbiaji Annet Negesa wa Uganda aliondolewa kabla ya Olimpiki ya London 2012, na mwaka uleule akafanyiwa upasuaji ambao anasema hakuelezwa sawasawa ulikuwa wa nini. Shirikisho limekana kuhusika. Yeye alipata hifadhi Ujerumani, na kasi yake ya zamani haikurudi tena.

Sasa nieleze kwa nini siwezi kunyamaza.

Mwaka 1998, kwenye mashindano ya wilaya, msichana wangu wa kidato cha pili alishinda mita 800 kwa pengo ambalo uwanja mzima ulilizungumza. Alikuwa mrefu, kifua bapa, sauti nzito. Kocha wa shule nyingine akawasilisha rufaa. Msimamizi akanijia na kuniambia, "Mwalimu, wewe ni mama. Mpeleke kando umwangalie." Mimi nilikwenda. Nilimpeleka katika stoo ya vifaa, penye mikuki na mikeka ya kuruka juu, nikafunga mlango, nikamwambia avue. Hakusema neno. Alivua, akageuza uso akautazama ukuta.

Nilichokiona si cha gazetini, wala hakikunipa jibu. Mimi nilikuwa mwalimu wa michezo, si daktari. Nilitoka nikamwambia msimamizi kwamba ni msichana, rufaa ikatupwa, medali akapewa. Lakini nje ya stoo walikuwa wanafunzi karibu mia mbili, na walikwisha kutunga wimbo.

Jumatatu alikuja ofisini, akaiweka medali juu ya meza yangu, akasema hatakimbia tena. Muhula wa pili hakurudi shuleni. Mama yake alikuja kuchukua godoro na sanduku. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mwalimu, angekuwa wako ungemvua?" Ni miaka mingi sasa, na bado sijampa jibu, ingawa yeye na mimi tulilijua palepale.

Najua kuna atakayeniambia kwamba siku hizi hakuna stoo, kipimo kimekuwa chepesi. Ni kweli kwamba tangu Septemba 1, 2025, kila mwanamke anayetaka kushindana katika ngazi ya dunia hupimwa mara moja maishani kutafuta jeni iitwayo SRY, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye kromosomu Y. Hupanguswa kwa pamba ndani ya shavu au hutolewa damu kidogo. Ni afadhali kuliko kuvuliwa nguo, nakiri. Ila jeni hukwambia kwamba ipo. Haikwambii mwili umeitumiaje. Andrew Sinclair, mwanasayansi wa Australia aliyekuwa miongoni mwa walioigundua mwaka 1990, amejitokeza hadharani kupinga isitumiwe hivi. Na jambo hili si geni. Mwaka 1985 María José Martínez-Patiño wa Uhispania, mruka viunzi, aligunduliwa kuwa na kromosomu Y. Mwili wake haukuweza kabisa kutumia testosteroni, hivyo haikumpa faida yoyote, lakini habari ilivuja magazetini. Alipoteza medali, rekodi na mchumba, na ilimchukua karibu miaka mitatu kurudishiwa haki yake. Kule Atlanta mwaka 1996, kati ya wanawake 3,387 waliopimwa, wanane walikutwa na jeni hiyo. Wote wanane waliruhusiwa kushindana, na baada ya hapo Kamati ya Olimpiki ikaacha kupima kila mwanamke. Kanuni ya sasa inawasamehe wenye hali kama ya Martínez-Patiño, lakini baada ya uchunguzi zaidi wa madaktari bingwa. Hao bingwa wako wangapi karibu na Ruyigi kule Burundi, au Kapchorwa kule Uganda, au Kapenguria hapa kwetu? Na nauli ni ya nani?

Nigusie pia madai kwamba muda wa Semenya haukuwa wa mwanamke. Rio alishinda kwa 1:55.28. Septemba 2025, jijini Tokyo, Lilian Odira wetu, mama wa watoto wawili, alishinda ubingwa wa dunia kwa 1:54.62, na waliomfuata wawili nao walikuwa chini ya muda ule wa Semenya. Kipimo kipya kilikuwa tayari kinatumika. Viatu vya siku hizi vimechangia, hilo nalijua, na Semenya mwenyewe aliwahi kwenda kasi zaidi ya hapo. Sisemi tofauti ya homoni haina uzito. Pengine ina uzito, na ninaelewa msichana aliyekuwa wa nne Rio anavyojisikia. Nasema hatukuwa na haki ya kumwita mtu mwanamume kwa sababu ya namba kwenye saa.

Wewe, mhariri, una uwezo wa kusimamisha jambo moja leo hii. Usiruhusu mwanamke aliyezaliwa na kulelewa mwanamke aitwe "aliyebadili jinsia" katika gazeti lako, hata kwenye barua za wasomaji. Semenya alikuwa na umri wa miaka 18 vyombo vya habari vilipotangaza duniani kote kwamba anapimwa jinsia, saa chache kabla ya fainali yake ya Berlin mwaka 2009. Kwa kiasi kikubwa aibu ile ilitokana na kazi ya waandishi.

Nao Chama cha Riadha Kenya kisingoje binti afike uwanja wa ndege ndipo aambiwe. Kama kipimo ni lazima kwa anayekwenda kuiwakilisha nchi, basi kifanywe mapema, faraghani, na daktari aliyefunzwa, mbele ya mzazi ikiwa bado mtoto, kwa lugha anayoielewa nyumbani kwao. Aelezwe kabla ya pamba kuingia kinywani kwamba jibu linaweza kuwa hivi au vile, na kwamba akitaka kukataa atarudi kwao bila jina lake kutajwa. Majibu aambiwe yeye kwanza. Asiyasikie kwa kocha, wala kwa meneja, wala redioni.

Shuleni pasiwe na kipimo chochote. Riadha za muhula wa kwanza zinakaribia, na najua zipo rufaa zitakazoandikwa juu ya wasichana warefu wenye sauti nzito, kwa sababu marafiki zangu walio kazini bado hunisimulia. Wizara ya Elimu itume waraka kwa wakuu wote wa shule useme kwamba hakuna mwalimu, msimamizi wala muuguzi wa uwanjani mwenye ruhusa ya kumkagua mwili mwanafunzi kwa ajili ya mbio, na kwamba rufaa ya aina hiyo isipokewe mezani. Ukurasa mmoja unatosha. Ningekuwa nao mkononi mwaka 1998, ningemwonyesha yule msimamizi na kumrudisha msichana wangu kwenye basi akiwa na nguo zake.

Mwalimu mstaafu wa michezo,
Nyahururu