Barua ya malalamiko: kadi ya matundu sita iliyoganda na mkanda wa harusi

Ngamiani,
Tanga.
17 Februari 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KADI YA SATA YA MATUNDU SITA NA USHAURI NILIOPEWA NA MAFUNDI WENU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpiga video wa harusi. Tarehe 9 Novemba 2024 nilinunua dukani kwenu kadi ya kuongezea diski kwa shilingi 95,000. Risiti ninayo, na chini yake muuzaji wenu ameandika kwa mkono "dhamana mwaka 1". Tangu siku hiyo nimewapigia simu mara saba na kuwatumia kadi yenyewe kwa basi mara mbili. Kila mara nimeambiwa ugonjwa uko kwangu: mara diski, mara umeme, mara mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), na mara ya mwisho nikaambiwa kompyuta ya kuunga mwenyewe haina dhamana. Ugonjwa nimeshaupata. Uko kwenye kadi, na ninyi mngeweza kuujua kabla yangu.

Kompyuta yangu ni ya kuunga kweli, sioni aibu. Mazabodi ni ya H61, chipseti ya Intel ya mfululizo wa 6, niliipata mtumba pamoja na prosesa yake, nayo ina matundu manne tu ya SATA, yaani ya kuchomekea diski. Moja lina SSD yenye Windows, moja lina kichomea DVD (msicheke, bibi wa bwana harusi hatazami kitu cha flashi), yamebaki mawili. Nina diski nne za terabaiti 4 zenye mikanda ya wateja. Ndiyo maana nikaja kwenu. Boksi la kadi linasema, kwa herufi kubwa: matundu sita, kila moja linajitegemea, 6Gb/s (gigabiti 6 kwa sekunde).

Siku za mwanzo nilichomeka diski moja, tundu la kwanza, ikaenda vizuri nikawasifu. Nilipohamishia zote nne ndipo kasheshe ilipoanza. Ninanakili kazi kutoka diski moja kwenda nyingine, ghafla mashine inaganda. Kuganda kwenyewe ni kwa ajabu: kishale cha mausi kinatembea, muziki unaendelea, lakini kila dirisha linalogusa diski linakuwa jeupe. Taa ya diski inawaka moja kwa moja, haipepesi. Unangoja nusu dakika, wakati mwingine dakika nzima, halafu vyote vinaachia kwa mkupuo, na faili uliyokuwa unanakili imekatikia njiani. Nikifungua kumbukumbu za matukio za Windows nakuta tukio namba 129, chanzo storahci (programu ya Windows inayoongea na diski za SATA), maana yake Windows imechoka kungoja jibu na kuamuru kifaa kianze upya. Usiku mmoja nilihesabu 38.

Simu ya kwanza, fundi wenu hakuuliza hata swali. "Bosi, hiyo diski imekufa, chukua nyingine." Nikachukua, kwenu hapohapo, shilingi 310,000. Kuganda kukaendelea na diski mpya vilevile.

Hapa nilianza kumtilia shaka. Kila diski inajitunzia daftari la afya yake liitwalo SMART. Mstari wa 5 ni sekta zilizoharibika zikahamishwa, wa 197 ni zile zinazoshukiwa, na wa 199 ni makosa ya mawasiliano, ambayo mara nyingi ni kebo. Huo wa 199 hesabu yake haifutiki hata ukibadilisha kebo, kwa hiyo hauna siri. Nilisoma diski zote tano, za zamani na mpya. Mistari yote mitatu ilikuwa sifuri. Nikapiga picha nikamtumia fundi kwa WhatsApp tarehe 2 Desemba. Alinijibu kwa kidole gumba.

Simu ya pili ikawa umeme. Ndugu Meneja, kwamba umeme wetu una vituko nakubali, lakini mashine yangu iko kwenye UPS na ilikuwa inaganda saa nane za usiku umeme umetulia kama maji ya mtungini. Hata hivyo sikubisha. Niliazima pawa saplai ya wati 650 kwa jirani mwenye duka la kuchezesha gemu, nikabadilisha na kebo zote za data nikaweka fupi za sentimita 40. Hali ileile.

Simu ya tatu sikuipenda, kwa sababu fundi alijua nusu ya habari. Alisema mazabodi za enzi hiyo zina ugonjwa maarufu wa SATA. Ni kweli ulikuwapo. Tarehe 31 Januari 2011 Intel wenyewe walitangaza kwamba chipseti zao za mfululizo wa 6, zile chipu zinazoongoza mazabodi, zina kosa, na baadhi ya matundu ya SATA yanaweza kudhoofika kadiri muda unavyokwenda. Walisimamisha usafirishaji, wakatengeneza toleo lililorekebishwa, B3, na wakakadiria kwamba kurekebisha na kubadilisha vilivyokwisha kuuzwa kungewagharimu dola milioni 700. Mazabodi yangu ni B3, programu ya kusoma vifaa inaonyesha hivyo. Lakini hata ingekuwa ile ya kwanza, kosa lile lilihusu matundu ya mazabodi yenyewe. Diski zinazoganda zimechomekwa kwenye kadi yenu, na kadi yenu imechomekwa kwenye PCIe, nafasi ya kuchomekea kadi. Zilizo kwenye mazabodi hazijaganda hata siku moja.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma hasa, maana yote hayo juu ni usumbufu tu.

Katikati ya Desemba fundi wenu aliniambia nifanye chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, kwenye diski zote, "inasafisha", na ikishindikana nifomati. Kufomati nilikataa. Chkdsk niliifanya, na kosa langu ni kumwamini. Programu ile inarekebisha orodha ya mafaili kwa kuandika juu ya diski. Ukiiendesha juu ya kontrola (chipu inayoendesha diski) inayokatika njiani ni sawa na kumshonea mtu kidonda ndani ya daladala. Iliganda katikati. Mashine iliporudi, folda ya harusi ya Pangani haikuwapo, badala yake nikakuta FOUND.000 imejaa vipande visivyo na majina. Video za ukumbini nilizipata, kwa kuwa kadi za kamera mbili nilikuwa sijazifuta. Ya kamera ya tatu, iliyokuwa msikitini, nilikwisha kuifuta. Dakika 47. Nikaha yenyewe, mawaidha ya shehe, na baba wa bibi harusi akilia anapotoa mkono. Ndiyo sehemu pekee ya mkanda ambayo haiwezi kuigizwa tena.

Tangu siku hiyo niliacha kupiga simu, nikaanza kupima mwenyewe, nikibadilisha kitu kimoja tu kila jaribio na kuandika kwenye daftari. Nilihamisha kadi kwenye nafasi nyingine ya PCIe: inaganda. Nilizima usimamizi wa nishati unaolaza diski: inaganda. Niliwasha mashine kwa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye flashi, ili Windows isisingiziwe: inaganda, safari hii kwa sekunde 30 kamili, ambao ndio muda Linux inaousubiri kabla ya kuanzisha laini upya. Nikazima NCQ, ule utaratibu wa kuipa diski foleni ya maagizo hadi 32 ijipangie yenyewe. Ilichelewa zaidi kuganda, lakini iliganda.

Kisha nikaacha diski moja tu kwenye kadi. Nilinakili terabaiti moja na nusu, karibu usiku kucha, bila hata kukwama. Nikaihamisha tundu la pili, nalo likapita. Nikaweka mbili, moja tundu la kwanza na moja la pili, zikapita. Nikaweka tundu la pili na la tatu, nikaanza kunakili kati yake, na chai haijapoa mashine ikaganda. Nikarudia la tatu na la nne: ikaganda. La kwanza na la nne: haigandi. Nilikaa naitazama ile karatasi. Diski zilezile, kebo zilezile, pawa saplai ileile. Kinachobadilika ni tundu lipi limekaa na lipi.

Jibu lilikuwa kwenye ujumbe wa Linux ya kuwashia, ningeusoma mapema ningeokoa wiki mbili. Diski ya tundu la kwanza inaitwa ata7.00. Nyingine tatu zinaitwa ata8.00, ata8.01 na ata8.02, yaani zote ziko juu ya laini moja, ata8. Na pamoja nazo kuna mkazi wa nne ambaye si diski, ata8.15. Namba hiyo ya 15 ni ya chipu ya kugawa tundu. Nikachukua tochi na miwani nikaitazama kadi. Chini ya bati la kupozea ipo kontrola, na pembeni yake, wazi bila bati, ipo chipu ya pili, ya kugawa moja kuwa matano. Sikufungua skrubu wala kubandua stika. Inaonekana kwa macho.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, kadi yenu ni ya matundu mawili. Moja limetoka nje lilivyo, la pili limegawanywa mara tano. Ni kuchomeka ekstensheni kwenye soketi moja kisha kuuza soketi tano. Diski moja ikichelewa kujibu, wenzake walio nyuma ya chipu ile wanangoja, na kontrola ikichoka ikaanzisha laini upya, inawaangusha wote kwa pamoja. Kwenye kumbukumbu zangu za Linux zinaanguka tatu kwa wakati mmoja, sekunde ileile. Diski tatu kufa na kufufuka pamoja si ugonjwa wa diski.

Sisemi chipu za kugawa ni haramu. Zipo zinazofanya kazi vizuri, na mtu anayehifadhi tu bila kuandika kwa pamoja huenda asione tatizo maisha yake yote. Wala silalamikii kasi, ingawa njia moja ya PCIe ya kizazi cha pili inapitisha kama megabaiti 500 kwa sekunde, na hizo ni za diski zote kwa jumla, kwa hiyo lile neno "6Gb/s kila moja" nalo ni la kupamba boksi. Ninalolalamikia ni "linajitegemea". Ningejua, nisingenunua, au ningenunua nikatumia tundu la kwanza peke yake. Na fundi wenu angejua anachouza, asingenituma kununua diski, wala asingenituma kuendesha chkdsk.

Kuhusu dhamana: mmeniambia mashine ya kuunga mwenyewe haihusiki. Kadi hii haiuzwi ndani ya kompyuta iliyokamilika, inauzwa ndani ya boksi, peke yake. Anayeinunua ni nani kama si mtu anayejiungia mashine? Kama dhamana haimhusu huyo, basi mwandiko ule chini ya risiti haukuandikiwa mtu yeyote. Vilevile msiniambie siku saba za kurudisha zimepita. Siku ya tano nilikuwa kwenye simu na ninyi, mkiniambia ninunue diski.

Ninaomba mambo haya. Mnirudishie shilingi 95,000 za kadi, na shilingi 24,000 nilizolipa kwenye mabasi kuituma na kuirudisha. Diski ya 310,000 siidai, ni nzima na naitumia, ingawa haikuwa kwenye bajeti yangu. Maelezo ya boksi na ya tangazo lenu yasahihishwe yaseme wazi kwamba matundu matano yanatumia laini moja. Na mafundi wenu waelekezwe kwamba mteja akisema mashine inaganda, waanze kwa kumwomba SMART na kumuuliza diski zipo tundu namba ngapi, kabla hawajataja chkdsk.

La mwisho halina gharama. Naomba barua fupi yenye muhuri wenu, ikieleza kwamba kifaa mlichoniuzia hakilingani na maelezo yake na kwamba chkdsk niliiendesha kwa ushauri wenu. Baba wa bibi harusi wa Pangani ni mtu mzima, hajui kontrola wala hajali. Anachojua ni kwamba alinilipa, na nikaha ya bintiye haimo. Fedha zake nilimrudishia Januari. Lakini anaamini nilifuta kwa uzembe, na Pangani ni mji mdogo. Sasa tuko Shaabani, harusi zimepangana hadi Ramadhani iingie, na mbili nilizokuwa nimeahidiwa huko zimekwenda kwa mpiga video mwingine.

Ninawapa siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia mtu bidhaa kwa maelezo yanayopotosha. Nimeambatisha nakala ya risiti, picha za kadi pande zote mbili, kumbukumbu za Windows na Linux, na kurasa nne za daftari langu la majaribio. Mwandiko wangu si mzuri lakini namba zinasomeka.

Kadi ninayo, nimeirudisha ndani ya boksi lake na stika yake. Safari hii siitumi kwa basi. Mwakilishi wenu akija Tanga, au mkinitumia nauli nikaja, tutakabidhiana mkono kwa mkono, na nitakuja na diski mbili ili tuzichomeke tundu la pili na la tatu mbele yenu.

Wenu mteja,

Mpiga video, Ngamiani