Ile bei uliyoiona mnadani si ya rupia yako

Wiki mbili zilizopita aliingia dukani kijana mmoja, na kabla sijamkaribisha kiti alikuwa ameshaniwekea simu mezani. "Shikamoo mzee. Hebu tazama, rupia ya Mjerumani hii, imeuzwa Ulaya kwa pesa ndefu. Na mimi ninayo kama hiyohiyo." Akafungua fundo la leso. Ilikuwa rupia ya 1890 kweli: Kaiser Wilhelm wa Pili na kofia yake yenye tai juu, upande wa pili simba na mti mfano wa mnazi. Nikaiweka kwenye mizani, gramu 11.5. Rupia hizo zilitoka kiwandani na gramu 11.66, kwa hiyo kwa sarafu iliyopita mikononi mwa watu uzito huo haunipi shaka. Kilichonipa shaka ni namna ilivyokuwa inameta, kama kijiko kilichonunuliwa jana.

"Umeisafisha?"

"Bibi alikuwa nayo, nyeusi tii. Nimeisugua kwa majivu na ndimu, nusu saa tu."

Nusu saa hiyo ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya bei. Kwa kuwa hadithi hii tunaisikia karibu kila mwezi, nimeona bora niiandike mara moja, ili mteja mwingine aisome kabla hajafika kwenye majivu.

Sarafu inapogongwa kiwandani, fedha husukumwa kwa nguvu ikajaa kwenye muhuri, na usoni hubaki mistari midogo mno ambayo jicho tupu haliioni. Mistari hiyo ndiyo inayoleta mng'ao. Ukiishika sarafu ambayo haijatumika chini ya taa moja na kuigeuza polepole, utaona mwanga unazunguka juu yake kama mapanga ya pangaboi. Sarafu iliyosuguliwa haina mzunguko huo. Inameta pande zote kwa pamoja, mwanga umelala tu, na ukiweka lenzi unaona mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja, upande ule mkono wa msuguaji ulikokuwa unakwenda. Ule weusi aliouondoa kijana haukuwa uchafu. Ni ngozi ya fedha iliyozeeka yenyewe, na wakusanyaji wengine huilipia zaidi.

Sasa tuje kwenye namba, maana wengi wanaona "MS 65" chini ya picha wakadhani ni namba ya bidhaa (MS ni kifupi cha "mint state", yaani kama ilivyotoka kiwandani). Mmarekani mmoja, William Sheldon, alitoa kipimo cha 1 hadi 70 mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao. Wazo lake lilikuwa la kibiashara kabisa: sarafu ya 70 iwe na thamani mara sabini ya ile ya 1. Hesabu hiyo ya bei haikudumu, kipimo kikadumu. Siku hizi kuanzia 60 kwenda juu maana yake sarafu haijawahi kutumika madukani, na kinachozitenganisha 60 na 70 ni alama ndogondogo. Sarafu zilisafirishwa kwa magunia, zikagongana njiani. Alama ikiwa shavuni mwa mfalme inashusha daraja, ikiwa imejificha kwenye nywele husamehewa. Kampuni mbili za Marekani, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, huikagua sarafu, huipa namba, kisha huifungia kwenye kisanduku cha plastiki kisichofunguka bila kuvunjwa. Minada mikubwa huuza kwa namba hizo.

Ukitaka kuona namba zinafanya nini kwenye bei, chukua dola ya fedha ya Marekani ya aina ya Morgan, mwaka 1893, iliyotengenezwa San Francisco. Ziligongwa 100,000 tu, kwa hiyo hata iliyochakaa huuzwa kwa dola elfu kadhaa. Lakini moja yenye daraja la 67 iliuzwa mnadani mwezi Agosti 2021 kwa dola 2,086,875. Mwaka ni uleule, kiwanda kilekile, uzito uleule. Tofauti ni kwamba moja ilinunua maharage na nyingine hakuna aliyeigusa.

Sarafu za kwetu zinafuata mkondo huohuo, ingawa kwa pesa ndogo zaidi. Rupia hizi za kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki zilikuwa pesa ya kazi. Zilifungwa kwenye pindo la kanga, zilizikwa chini ya jiko, zilitobolewa zikawa vidani. Nyingi zinazofika mezani kwangu zina tundu, au alama ya risasi ya kuchomelea ya sonara mahali palipokuwa na kishikizo, au tai wa kofia amekwisha. Zikizibwa tundu ndiyo kabisa, lenzi hukiona kiraka mara moja. Rupia safi isiyotumika ni adimu huku kuliko Ujerumani, ambako watu waliziweka kwenye makabati tangu mwanzo. Kwa hiyo ile picha ya simu yako huenda ni ya sarafu isiyowahi kununua hata kibaba cha mchele.

Sarafu za Tabora zina mkasa wao. Vita vya Kwanza vilipofunga bahari na sarafu za Ujerumani zikakosa njia, Wajerumani waligeuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha pesa. Mwaka 1916 wakagonga heller 20 na heller 5 za shaba nyeupe na nyekundu (ndiyo heller iliyotuachia neno hela), na wakagonga rupia 15 za dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke: upande mmoja tai, upande mwingine tembo mbele ya mlima. Dhahabu hizo jumla yake 16,198. Mnamo Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora na mambo yakaishia hapo. Mashine za reli si mashine za kugonga pesa, kwa hiyo heller nyingi za Tabora zimetoka na maandishi hafifu upande mmoja. Mteja huona ule uhafifu akadhani sarafu imechakaa. Si lazima. Pale ambapo shaba haikujaa kwenye muhuri bado pana mng'ao, na pale palipochakaa pamekuwa laini na pamefifia. Kutenganisha hayo mawili ndiyo kazi tunayolipwa kuifanya, na ndipo muuzaji mwenye haraka anapopunjwa. Kwa wale wa dhahabu ya tembo, neno moja: za bandia ni nyingi. Usinunue barabarani, hata kama muuzaji ameapa kwa mama yake.

Halafu kuna ile bei yenyewe. Tuseme nyundo ya dalali imegonga kwenye dola 1,000. Mnunuzi halipi 1,000. Anaongeza ada ya mnada, mara nyingi karibu asilimia 20, anatoa 1,200. Mwenye sarafu naye hapati 1,000. Akikatwa kamisheni ya asilimia 10 anabaki na 900, bado usafirishaji na bima. Minada ya Marekani kwa kawaida huandika ile 1,200 kwenye kumbukumbu zake, mingi ya Ulaya huandika 1,000. Basi watu wawili wanaweza kubishana hapa dukani mpaka adhuhuri juu ya sarafu moja na wote wakawa sahihi, na anayeuza akapata pesa ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeitaja.

Wala namba ya kwenye plastiki si msahafu. Ni maoni ya watu waliokaa na sarafu kwa muda mfupi. Wapo wafanyabiashara wanaovunja kisanduku na kuituma sarafu upya mpaka 64 igeuke 65, kwa sababu hatua hiyo moja inaweza kuzidisha bei maradufu. Ndiyo maana mwaka 2007 huko Marekani ilianzishwa kampuni nyingine, CAC, ya kukagua sarafu ambazo zimeshakaguliwa na kuzibandika kibandiko. Mimi huitazama sarafu kwanza nikiwa nimeifunika lebo kwa kidole gumba. Visanduku vya bandia navyo vipo, kwa hiyo namba ya cheti lazima itafutwe kwenye tovuti ya kampuni na picha zilinganishwe, alama kwa alama.

Je, tuitume yako ikapimwe? Mara nyingi nitakuambia hapana. Ukijumlisha ada, posta na bima ya kwenda na kurudi, rupia iliyochakaa itakurudia ikiwa na plastiki nzuri na hasara. Tunatuma pale tu tunapoona mng'ao wa asili, kingo nzima, na hakuna dalili ya kusafishwa. Iliyosafishwa hupewa cheti kisicho na namba ya daraja, kimeandikwa kwamba imesafishwa, na mnadani hilo ni sawa na kutangazwa msikitini. Kuitazama sarafu mezani kwetu hatutozi kitu.

Yule kijana tulimpa bei ya gramu kumi na kitu za fedha zilizomo ndani, na kidogo juu yake kwa ajili ya mwaka. Hakufurahi. Ila alisema bibi anazo nyingine nne, nikamsihi asiziguse.

Alhamisi alirudi, safari hii na bibi mwenyewe. Sarafu zote nne zilikuwa kwenye mfuko laini wa plastiki ya PVC, aina ile inayotoa utelezi wa kijani baada ya miaka, na kweli moja ilikuwa imeshaanza. Mbili zilichakaa. Ya nne ilikuwa nyeusi yenye bluu pembeni. Nikaigeuza chini ya taa, na chini ya ule weusi pangaboi likazunguka. Nilimwita mwenzangu kutoka nyuma aje aone. Nikamwambia bibi kwamba hii tungeituma, na nikamtajia kiwango.

"Hiyo haiuzwi, mwanangu," akasema. "Ni ya mahari ya bibi yangu. Nilikuja kusikia tu."

Tukampa bahasha nne za karatasi, na ule mfuko wa plastiki tukamwomba atuachie tuutupe.