Mzee wetu hakuwa Paganini wa mtu

Mhariri,

Nawasoma tangu nikivaa kaptura ya skuli, na sijapata kukuandikieni hata siku moja, hata pale mlipochapa picha ya udi mkaandika chini yake "gitaa". Lakini taarifa yenu ya Jumapili iliyopita, ya maziko ya mzee wetu mpiga fidla, imenishinda. Kichwa chake mlikiandika "Paganini wa Zanzibar atutoka". Nimehesabu kwa kalamu: Paganini, yule Mwitaliano mpiga fidla wa zamani, katajwa mara 9. Jina la marehemu, alilopewa na babake kwa akika, limetokea aya ya 6, chini ya jina la aliyetoa maturubai.

Najua mlikolitoa. Waingereza ndio tabia yao: huchukua jina la ukoo la mtu wakalitia kijineno chao "a" au "the" mbele, likawa si jina tena, ni cheo. Bottesini, aliyepiga besi lile kubwa la kusimama, humwita Paganini wa besi. Servais wa Ubelgiji, Paganini wa selo, ile fidla kubwa ya kupigwa kwa kukaa. Na mtoto wa jirani anayekwaruza nyuzi humwambia kuwa yeye si Paganini. Sifa na kejeli kwa jina moja. Ni lugha yao, wafanye watakavyo, ingawa London hiyohiyo, alipofika Paganini mwenyewe mwaka 1831 na bei ya tiketi ikatangazwa maradufu, magazeti yalimrarua kwa uroho.

Ila ninyi, mnajua mlichombandika marehemu? Kwa Kiitaliano pagano ni mpagani, na paganini ni vijipagani. Alhaji wa watu, asiyekosa safu ya mbele alfajiri! Na mwenye jina alisingiziwa kuwa kauza roho kwa shetani ndiyo maana vidole vyake vinaruka vile. Alipokufa Nice mwaka 1840 bila sakramenti, askofu alikataa azikwe palipobarikiwa, jeneza likatangatanga miaka hadi likatulia Parma mwaka 1876. Mzee wetu kazikwa siku ileile, kabla ya laasiri.

Nina uchungu wangu pia, siufichi. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kupiga kwenye hoteli moja ya ufukweni. Mshereheshaji, kijana wa suti, akaniita jukwaani kwa Kiingereza: huyu hapa Paganini wa Visiwa vya Karafuu! Nikaanza bashraf, muziki wetu wa ala tupu wa kufungulia, ya Rasti, mojawapo ya ngazi za sauti za Kiarabu. Mgeni mmoja wa meza ya mbele akakunja uso, na nilipomaliza akanifuata, kwa adabu zake zote, kunieleza kuwa sauti yangu ya tatu katika ngazi iko chini kidogo na kwamba nyuzi zangu mbili zimelegea. Bwana! Sauti ya tatu ya Rasti inakaa hapo hapo, baina ya kibao cheusi na cheupe cha piano, na asiyeifikisha hapo kwetu hushushwa jukwaani. Nyuzi hazikulegea, fidla ya taarab nyuzi zake nne tunazipatanisha kwa sauti za sol re sol re, wao huzipatanisha sol re la mi. Na huyo Paganini waliyekuja kumtafuta kwangu, katika konserto yake ya kwanza, utungo wa fidla na okestra, alizipandisha nyuzi zote nusu sauti ili fidla yake ing'are mbele ya okestra, wala hakuna aliyemfuata mezani kumsahihisha. Ningeitwa kwa jina langu, yule mgeni angesikiliza Rasti. Alisikiliza Paganini, akakuta imekosewa. Bahasha ya malipo nayo ilikuwa na nusu ya tuliyokubaliana, maana eti wageni hawakufurahi.

Na haya ya jina yana ndugu yake. Siku hizi harusini hapaitwi fidla nne. Huitwa kijana mmoja na kinanda, akabonyeza kitufe kilichoandikwa violini, watu wakatunza. Kijana huyo gazeti lenu lilimpa ukurasa mzima, kwa jina lake kamili.

Napendekeza hivi. Ile fidla ya Paganini, iliyotengenezwa na fundi Guarneri mwaka 1743, aliuachia mji wake wa Genoa, na hadi leo wanaitunza kama yai. Waandikieni. Waombeni kila anayeruhusiwa kuipiga atangazwe kwa jina la mzee wetu: fulani wa Genoa. Wakikubali, nanyi endeleeni na Paganini wenu. Wakikataa, basi kila mkiandika "Paganini wa" pahala popote, hata kwenye michezo, gazeti linunue seti moja ya nyuzi za fidla na kuipeleka kwa vijana wanaojifunza hapa mjini. Kwa taarifa ya Jumapili mnadaiwa seti 9, yaani nyuzi 36. Msilete za plastiki.

Mpiga fidla mstaafu,
Ng'ambo, Unguja