Stempu si picha, rudisheni meno yake

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka na miaka na sijawahi kuwaandikia hata salamu. Ila makala yenu ya juzi kuhusu stempu zenye minara ya watunzi wa muziki wa Ulaya imenishinda kuinyamazia.

Mmechapisha stempu ya Poland yenye mnara wa Chopin, mtunzi na mpiga piano wa nchi hiyo, ulio bustani ya Łazienki, Warsaw, na chini yake mkaandika kwamba mnara huo umesimama pale tangu 1926. Haukusimama. Ulizinduliwa 1926, ni kweli, kazi ya mchongaji Wacław Szymanowski, lakini Mei 1940 Wajerumani waliulipua. Huyo anayeonekana leo, amekaa chini ya mti uliopindishwa na upepo, ni Chopin wa 1958, aliyesimamishwa upya baada ya vita. Kwa mtu wa Warsaw hiyo ndiyo habari yenyewe. Mwandishi wenu hakujiuliza kwa nini mji uliogeuzwa kifusi ulimhitaji tena mpiga piano; katujazia nusu ukurasa kwa maradhi ya kifua ya marehemu.

Halafu stempu yenyewe mmeikata! Meno ya pembeni, zile chonge ndogo zinazobaki stempu inapochanwa kwenye karatasi yake, hayapo, jina la nchi limebaki nusu, bei imekwenda na mkasi. Stempu bila meno na bila bei ni picha ya kalenda. Na mimi jambo hili lina kidonda changu. Nilisoma Leipzig enzi zile vijana wa Unguja walipokuwa wakipelekwa Ujerumani Mashariki, nikipita kila mara mbele ya sanamu ya mtunzi Bach nje ya Kanisa la Thomas, ile ambayo mfuko wa koti lake umetokeza nje kama wa mtu aliyekaguliwa na polisi, na huko ndiko nilikoanza kukusanya stempu za watunzi. Mwaka jana nikampelekea fundi wa fremu hapa mjini zile nizipendazo zaidi, nikamwambia asizibandike. Nilipozifuata nikazikuta zimenyooka kama wembe. "Mzee, zilikuwa zimechanika-chanika pembeni, nimekusawazishia." Meno yote kayakata! Kisha kazipaka gundi, tena ile ya viatu, na akanihakikishia hazitoki hata kwa patasi. Akadai na nyongeza ya kazi. Nikamlipa, maana sauti ilikuwa hainitoki.

Basi nyinyi mnamfundisha nani? Kijana wa leo stempu haijui. Bahasha zenyewe zinakuja na kibandiko cheupe chenye mistari ya kompyuta, na huko Ujerumani siku hizi mtu anaweza kuandika kwa kalamu tu neno PORTO na herufi na tarakimu alizotumiwa kwenye simu, barua ikaenda. Hakuna Bach, hakuna Beethoven, hakuna cha kulowesha kwenye bakuli la maji kibanduke kwenye bahasha. Wajukuu wangu hushangaa kwamba zamani tuliramba karatasi.

Mwaka 1956 Ujerumani Mashariki ilitoa stempu za kuadhimisha miaka 100 tangu kufa kwa mtunzi Robert Schumann, na nyuma ya sura yake wakaweka noti za muziki wa Schubert, mtunzi mwingine kabisa. Serikali nzima iliona haya, na mwaka uleule ikatoa nyingine zenye noti za Schumann mwenyewe. Kama serikali ile, ambayo haikuwa na mazoea ya kukiri kosa, iliweza, gazeti halishindwi. Ichapisheni upya stempu ya Chopin, ukurasa uleule, ukubwa uleule, juu ya karatasi nyeusi ili meno yaonekane pande zote nne, na chini yake muandike: mnara wa 1926, ukalipuliwa 1940, ukarudi 1958. Maneno mengine hatuyahitaji.

Na kama mnakusudia kuendelea kukata, fundi wangu yupo Darajani, mkasi anao mwenyewe.

Mkusanyaji stempu,
Unguja