Watoto wenye lupasi wapimwe figo mapema

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa magonjwa ya figo kwa watoto, hasa yatokanayo na lupasi. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili humgeuka mwenyewe, na figo za watoto hushambuliwa mara nyingi kuliko za watu wazima.

Hapa Tanga mtoto akiamka uso umevimba na mkojo una povu, wapo wanaosema ni minyoo, wengine hukimbilia kombe. Figo huku zinaharibika bila maumivu. Kijiti cha kupima mkojo huonyesha protini na damu kwa dakika chache, ila hakisemi ugonjwa umefika wapi. Jibu hilo limo katika kipande kidogo cha nyama ya figo kinachotolewa kwa sindano na kutazamwa kwa hadubini. Uainishaji wa kimataifa wa 2003 wa figo zilizoathiriwa na lupasi una madaraja sita, na tiba hufuata daraja. Wazazi huiogopa sindano hiyo, nami nawaelewa, lakini kutibu kwa kubahatisha ni hatari zaidi.

Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe vijiti havikosekani katika zahanati zetu, na igharamie rufaa ya watoto hawa kwa mabingwa wa figo.

Mzazi,
Chumbageni, Tanga