Msingoje Hamu: Barua ya Wazi kwa Kundi la Alfajiri la Mama Ngina

Wanangu na wajukuu zangu,

Salaam nyingi. Nawaandikia nikiwa nimekasirika, na sitaki kuifunika hasira hiyo kwa maneno matamu.

Mwezi wa kwanza mlijaa kwa mazoezi ya alfajiri pale chini ya mibuyu ya Mama Ngina, bustani yetu ya ufuoni hapa Mombasa. Fulana za kijani za sare, jina la kundi mgongoni, picha zinapigwa hata jasho halijatoka. Sasa kaskazi limekwisha, kusi limeingia, upepo umepoa, ndio wakati mzuri kabisa wa kutembea katika mji huu, na mliobaki mwahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kwenye simu, lakini, kundi limefurika. Asubuhi video, mchana video, usiku video: mtu kifua wazi huko Marekani ananyanyua vyuma, na sauti nzito inamhimiza aamke akapambane. Mnatumiana, mnaweka vidole gumba, mnajifunika shuka. Wazee wetu waliziita nguvu za soda, na sijaona jina linalowafaa zaidi.

Wiki iliyopita mmoja wenu akauliza humo kundini, kwa dhati kabisa: "Jamani, nyinyi motisha mwaipata wapi?" Akajibiwa kwa video nyingine kumi. Hapo ndipo nilipochukua kalamu.

Mwajua kazi yangu ilikuwa uuguzi, na sehemu kubwa ya maisha yangu niliipitisha kwenye kliniki ya presha na sukari. Nimewafunga watu wengi kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, na nimeyasikia maneno yaleyale: "Sista, kuanzia kesho naanza mazoezi." Walikuwa wakisema kweli, siwasingizii. Mtu akiambiwa leo kuwa ana sukari huondoka na hofu, na hofu nayo ni motisha, tena kali. Lakini niliiona ikiisha kabla ya vidonge vya mwezi kuisha. Akirudi kuchukua dawa namuuliza matembezi vipi, anatazama sakafu. Basi ikiwa hofu ya kukatwa mguu haimwamshi mtu kwa mwezi mzima, video ya kijana mwenye misuli itawaamsha nyinyi kwa siku ngapi?

Nataka mnielewe katika jambo moja hili, mengine mkiyasahau nitawasamehe. Hamu haitangulii. Hamu ni mgeni anayekuja mkiwa mmeshafika njiani, jasho limeshaanza, mwili umeshafunguka. Ukikaa kitandani kumngoja, hatabisha hodi. Ninayemjua mimi akitembea bila kukosa hajawahi hata siku moja kuniambia kuwa aliamka ana hamu.

Yuko jirani yangu Kibokoni, mama wa watoto, mpika mahamri wa kuuza. Unga wake anaukanda usiku. Akiamka ni moto, mafuta, mbaazi, watoto wa shule, wateja mlangoni na bakuli zao. Ukitafuta mtu mwenye haki ya kusema hana nafasi, ni yeye. Na yeye ndiye aliyekuwa na presha ya kututisha sote. Leo ukipita saa kumi na moja unusu utamkuta na mpwa wake, dera na mtandio, raba miguuni, wanapita Ngome, wanakata Kizingo, hao mpaka Mama Ngina na kurudi. Nilimuuliza siri yake nikidhani atanipa hadithi ndefu. Akanijibu akiwa anageuza mahamri, hata hakuinua kichwa: "Bibi, mimi siamki kwa sababu nataka. Naamka kwa sababu yule mtoto atabisha, na nikimwacha nje gizani nitaona haya."

Hebu yaangalieni maneno hayo vizuri. Hakusema ana nia ya chuma. Amejiwekea mtu mlangoni. Raba zake hulala kando ya ndoo ya maji, soksi ndani yake, hivyo hata kuzitafuta hakuna. Saa haibadiliki, njia haibadiliki. Kila asubuhi kitu cha kuamua hakipo, na pale penye kuamua ndipo nyinyi mnapoangukia. "Leo niende au nipumzike? Niende sasa au jioni? Nikimbie au niende jimu?" Mkimaliza kujadiliana na mto, jua limeshatoka. Kundi la watu mia halibishi hodi ya mtu, kwa kuwa kila mmoja anadhani mwenzake ndiye atakayekwenda. Mtu mmoja anayekungoja kwenye kona ana nguvu kuliko mia moja walio kwenye simu. Gawanyikeni wawiliwawili, kwa mtaa. Wa Majengo na wa Majengo, wa Ganjoni na wa Ganjoni. Mkubaliane kona, mkubaliane saa, na simu iwe ya kuulizana "uko wapi" tu.

Saa yenyewe mwaijua, ila wengine mwajidanganya. Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika hapahapa petu, kwenye uwanja wa gofu wa Mombasa. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa ameshinda mbio ndefu miaka mitano mfululizo. Joto na unyevu wa mji huu vilimshinda, akajitoa kabla ya kumaliza, na Zersenay Tadese wa Eritrea akabeba ubingwa. Sasa wewe uliyekaa kitini mwaka mzima unaanza kukimbia Februari saa tatu asubuhi, unarudi kichwa kinagonga, halafu unasema huna moyo wa mazoezi. Moyo unao. Jua ndilo lililokuvunja. Mnaoswali Alfajiri mmeshaamka tayari, kilichobaki ni kutorudi kitandani. Ndugu zetu wa Likoni wameifunga saa yao kwenye feri: wanashuka upande wa kisiwani, wanapuuza tuktuk, wanakwenda kwa miguu mpaka kazini. Hao siwaoni kwenye picha zenu, na afya zao nazijua.

Na hili la jimu. Sina ubaya na jimu, lakini msinifanye niamini kuwa asiye na pesa za kila mwezi hana njia. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jeremy Morris, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva anakaa kutwa, kondakta anapanda na kushuka ngazi kutwa, na wote ni wa kampuni moja na barabara moja. Walikuta makondakta wanaugua moyo kidogo kuliko madereva. Hawakuwa na vyuma wala fulana za sare, ni ngazi za basi tu. Nikiwaona vijana wetu wa tuktuk, kuanzia asubuhi mpaka usiku wamekunjwa pale mbele, chai ya maziwa na viazi karai mkononi, kisha wakitoka hapo wanakaa barazani, huikumbuka kazi ya daktari yule na roho huniuma. Wengine niliwapokea kliniki hawajafika miaka arobaini. Mwanangu wa tuktuk, ukiwa unangoja abiria, shuka. Zunguka. Hiyo nayo inahesabika. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilisema wazi kuwa mwendo wowote una faida kuliko kukaa, na halikutaka tena ziwe dakika kumi mfululizo ndipo zihesabiwe.

Mengine nayataja kwa ufupi kwa sababu yanaulizwa kila siku. Kipimo cha mtu mzima ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kasi ya kuweza kuzungumza lakini si kuimba, na siku mbili za kutia misuli nguvu. Kuchuchumaa na kuinuka nyumbani kwatosha kuanzia. Wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya kujizuia wasianguke, siku tatu kwa wiki. Zile hatua 10,000 zinazowatia wazimu kwenye simu zilitoka Japani, kwenye biashara ya kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa mwaka 1965, kwa hivyo ukipata elfu sita usilie. Mwenye sindano ya insulini ale kitu kabla na awe na kitu kitamu mfukoni. Mwenye ganzi miguuni asitembee peku, hata ufuoni. Kifua kikibana, simama na uende hospitali. Mwezi wa Ramadhani tembeeni usiku baada ya tarawehe. Na maji msisahau kunywa.

Sasa niwageukie wakubwa wenzangu, maana vijana hawa hawakujizaa wala hawakuujenga mji huu. Viwanja vya mitaani tulivyochezea vimeota ghorofa, na tuliokuwapo tulitazama zikijengwa. Njia ya waenda kwa miguu imekuwa ya magari kuegesha na ya bidhaa kumwagwa, mama mwenye mtoto mkononi anateremka barabarani kupishana na matatu. Mama Ngina ilipotengenezwa upya mwaka 2019 tulifurahi, na nashukuru mpaka leo, lakini mtoto wa Mikindani au Kisauni hawezi kulipa nauli kila alfajiri ili apate mahali pa kutembea. Akiugua figo ndipo tunapojua kuchanga. Mahema yatakodiwa, mchango utapita nyumba kwa nyumba, kila mtu atatoa. Taa moja ya kumulika uwanja wa mtaa hatuichangii.

Tena liko la wasichana, na hili linanichoma. Binti zetu wanatukanwa. Akivaa suruali ya mazoezi anaitwa majina, akivaa buibui na raba anachekwa, akikimbia jioni anapigiwa miluzi na wanaume wazima waliokaa barazani tangu alasiri na majani ya muguka wanayotafuna shavuni. Halafu akinenepa ni wao hao wanaomsema. Binti mmoja wa kundi hili aliacha kuja kwa sababu hiyo, na aliniambia mimi hakuwaambia nyinyi. Nyinyi vijana wa kiume mliokuwa mkitembea mbele kwa mbwembwe, kwa nini alikuwa nyuma peke yake? Kundi ni la kulindana. Mwendo wa kundi uwe mwendo wa yule aliye nyuma kabisa. Na nyinyi kina baba mnaowaambia mabinti mazoezi si ya mwanamke mwenye heshima: njooni mkae nami, niwaeleze niliyoyaona kliniki, wanawake wa miaka thelathini na vidonge vya presha mkobani.

Nimewakemea vya kutosha. Najua mmechoka pia. Najua kazi hazipatikani, kodi za nyumba zinawala, na mtu aliyelala akiwaza deni haamki mwepesi. Kwa huyo nasema njoo ukiwa mzito hivyohivyo. Hakuna atakayekuuliza umekimbia kilomita ngapi. Tembea mpaka pale wanapouza mihogo, ukitaka kurudi rudi. Mwendo mmoja tu huishusha presha kwa saa kadhaa, na misuli ikifanya kazi hujichukulia sukari kwenye damu palepale. Faida ya leo unaipata leo, haikungoji upungue mwili.

La mwisho ni la uongozi wa kundi. Mliweka sheria kwamba asiyefika alipe shilingi hamsini na jina lake litangazwe. Mliweka kwa nia njema, naamini. Lakini aliyekosa siku moja aliona haya, akakosa ya pili, siku ya tatu akanyamaza, na sasa amejitoa kabisa. Watafiti wa chuo cha University College London, UCL, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya. Mazoea yalichukua wastani wa siku 66 kuota mizizi, wengine 18, wengine ilikisiwa wangefika 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo mnawatoza watu kwa jambo lisilodhuru, na mnawafukuza kwa haya. Tena mliacha mkiwa bado njiani mkadhani mmeshindwa.

Admini, ifute sheria hiyo leo. Wapigie simu waliojitoa, mmoja mmoja, kwa sauti si kwa ujumbe, uwaambie hawadaiwi. Na zile hamsinihamsini zilizokwisha kukusanywa mnunulieni raba yule kijana anayekuja kila asubuhi na ndara. Nambari yake ya kiatu nimeshamuuliza, ni arobaini na mbili.

Wenu,
Bibi yenu, muuguzi mstaafu, Mji wa Kale