Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni wa wilaya yetu: madaftari ya kanisa letu yanaoza, tunaomba uje uyaone

Mheshimiwa Afisa Utamaduni, Bwana Yesu asifiwe, na kama wewe ni wa dini nyingine basi pokea salaam zangu nyingi na amani iwe kwako na nyumba yako.

Mimi ni mtoto wa nyumbani huko huko upande wa Shirati, mkoani Mara, ila kwa sasa naishi huku Mwanza, Igoma, natafuta riziki kama wengine. Nimeamua kukuandikia hadharani, na sio kwa ubaya wowote, ni kwa sababu nilishakwenda ofisi moja na shida hii hii, nikakaribishwa vizuri tu nikapewa na kiti, mwisho nikaambiwa kijana hayo ni mambo ya dini, muone mchungaji. Sasa mchungaji nilishamuona na yeye ndiye aliyeniambia nenda serikalini.

Shida yenyewe ni madaftari. Kanisani kwetu, Kanisa la Mennonite, kuna kabati la mbao nyuma ya madhabahu, ndani yake kuna rejista za ubatizo, kitabu cha ndoa, madaftari ya mahudhurio ya darasa la ubatizo na vikaratasi vya michango ya tangu enzi za shilingi ya mkoloni. Pasaka iliyopita nilikwenda nyumbani nikamuomba mzee wa kanisa anifungulie nitafute jina la dana, yaani bibi yangu mzaa baba, sisi Wajaluo ndivyo tunavyoita. Kumbe bati limetoboka juu ya kabati na maji yamekuwa yakishuka na ukuta muda mrefu bila mtu kujua, kurasa zimegandana, ukizibandua wino unabaki upande wa pili, na chini kabisa mchwa wameshaanza kazi yao. Jina la dana nililipata, ila la mama yake, ambaye tunajua alibatizwa siku moja naye, ukurasa wake haupo tena. Nilikaa pale sakafuni nikashindwa kunyanyuka.

Naomba nikueleze kwa nini hili sio la dini peke yake.

Kanisa hili la Mennonite lilianza hapa nchini mwaka 1934. Wamisionari wa kwanza, Elam Stauffer na mkewe Elizabeth, na John Mosemann na mkewe Ruth, walitoka Pennsylvania Marekani, walitumwa na bodi ya misheni ya Wamennonite wa Lancaster, wakaanzia kituo hapo Shirati. Mwaka uliofuata wakafungua Bukiroba karibu na Musoma, halafu Mugango 1936, Bumangi 1937 kule kwa Wazanaki, na Nyabasi kwa Wakuria mwaka 1940. Angalia hiyo orodha Mheshimiwa, hapo kuna Wajaluo, Wakwaya, Wajita, Wazanaki na Wakuria, watu ambao wengine walikuwa wanaibiana ng'ombe na kuzika vijana kila mwaka, wamewekwa ndani ya kanisa moja na kanisa lenyewe linafundisha kwamba Mkristo hashiki silaha. Sisemi ugomvi uliisha, hapana, lakini walioshana miguu. Hiyo ni desturi ya Wamennonite mpaka leo, unapiga magoti mbele ya mwenzako na beseni la maji unamuosha miguu, halafu mnasalimiana. Dana alikuwa anasema mara ya kwanza kumuona mwanamke wa Kijaluo anamuosha miguu mwanamke wa Kikuria alifikiri mmoja wao ataondoka, na hakuna aliyeondoka.

Halafu ikaja 1942, uamsho. Ule moto ulianzia Gahini Rwanda miaka ya thelathini ukapitia Uganda ukashuka na ziwa mpaka Shirati, na hapo ndipo watu walisimama kanisani wakaanza kuungama, Mwafrika kwa mzungu na mzungu kwa Mwafrika. Hili mimi naliona ndio jambo kubwa kuliko yote kwenye historia yetu, kubwa kuliko hata majengo, kwa sababu ilikuwa ni ukoloni, na mzungu kusimama mbele ya watu akasema nimewadharau nisameheni, mtu hakulitegemea. Waliookoka wakatoka kwa miguu kwenda kuhubiri, na Wamennonite wa Kenya leo asili yao ni hapo Shirati, ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka.

Baada ya hapo mambo yakaenda haraka. Mwaka 1950 wakawekewa mikono wachungaji wenyeji, Ezekiel Muganda na Andrea Mabeba, 1960 kanisa likajitegemea, na 1967 Zedekia Kisare akawa askofu wa kwanza Mwafrika. Hospitali ya Shirati unaijua mwenyewe, wilaya nzima inazaliwa pale, na kituo cha wagonjwa wa ukoma kilikuwa pale pale. Shule serikali ilizichukua baada ya sheria ya elimu ya 1969, na watoto wa kila dini wakasoma humo.

Sasa ninachotaka ulione ni hiki. Wale wamisionari walikuwa wanaandika barua kwao Lancaster kila wakati, na barua zao zimetunzwa vizuri huko Pennsylvania. Wazee wetu hawakuwa na mtu wa kumwandikia barua. Walichoandika wao, au walichoandikiwa, ndio hayo madaftari yaliyoko kabatini chini ya bati linalovuja. Yakiisha, historia ya kwetu itabaki ile waliyoisema wageni peke yake, tena walisema mengi mazuri, siwalaumu, lakini ni macho yao.

Na rejista za Wamennonite zina jambo moja ambalo kwenye makanisa mengi hulikuti. Hawabatizi watoto wachanga, ndivyo imani yao ilivyo tangu ilipoanza Zurich mwaka 1525, mtu lazima aamue mwenyewe akiwa na akili zake. Kwa hiyo kila jina lililomo ni mtu mzima au kijana aliyesimama akasema mimi nataka, na pembeni wameandika kijiji, jina la baba, jina la zamani na jina jipya, na umri wa kukisia, wengine wameandikiwa tu kwamba alizaliwa mwaka wa njaa. Dana alisubiri miaka kabla ya kukubaliwa kwa sababu alikuwa mke wa pili, na hiyo nayo imeandikwa pembeni kwa penseli. Niambie ni wapi pengine katika wilaya utakuta mwanamke wa kawaida wa miaka ile ameandikwa uamuzi wake mwenyewe.

Ninachoomba sio hela ya kanisa. Bati tumeshaanza kuchanga sisi wa Mwanza, tuko kikundi cha watu wa kwetu tunaosali pamoja. Naomba uzungumze na watu wa nyaraka za taifa waje hata siku mbili na mtaalamu wa kutenganisha kurasa zilizogandana, maana sisi tukijaribu tunazichana, halafu zipigwe picha zote na nakala moja ibaki wilayani. Mimi nilipiga kwa simu kurasa kama arobaini hivi zinazosomeka, ziko kwenye flashi nitakuletea. Na uje na kijana mwenye kinasa sauti, kwa sababu kuna mzee mmoja amepita miaka tisini ndiye anayeujua ule mwandiko na anajua huyu aliyeandikwa kwa jina la Kizungu nyumbani aliitwa nani, na siku hizi anachoka mapema, asubuhi ndio anaongea vizuri.

Ukija siku za wiki ufunguo uko kwa mama anayefagia kanisa, nyumba yake inaonekana ukisimama mlangoni, mwambie umetumwa na mjukuu wa yule dana wa penseli, ataelewa. Kabati nimelisogeza mbali na ukuta nikalifunika turubai, lakini turubai lenyewe lina tundu, na vuli haiko mbali.